Kompyuta Iliyonishitaki

Changamwe

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa wapanda ngazi za darini bila kumwita mtu. Mimi mzima, alhamdulillahi. Nakuandikia moyo mweupe, maana wiki iliyopita nusura nirudi nyumbani Pate na jina baya.

Ofisini kwetu hapa Kipevu, tunakoshughulikia mizigo ya bandarini, wameweka kompyuta ya kulinda kompyuta nyingine. Haimzuii mtu, yapiga kelele tu. Kila kinachotumwa kina mlango wake wenye namba, na fundi huiambia mlango upi utumike na kwa saa zipi. Basi akaja fundi Mhindi kubadilisha kanuni na milango hiyo, akamwuliza bosi wetu, Bwana Athmani, saa za kazi. Alipomaliza akaenda zake Nairobi.

Tangu hapo, kila nikituma hati za makontena mchana, kwenye kompyuta ya bosi yatokea maandishi mekundu: mtu amepita mlangoni saa zisizo za kazi, na kompyuta iliyotumika ni yangu. Mwenye kutuma hati ni mimi peke yangu, basi natajwa mimi tu. Bwana Athmani akaamini nauza siri za wateja. Akaniambia fundi akirudi akathibitisha, nifungashe virago. Wallahi mama, nililia hata macho yakavimba.

Bi Rukia, karani wetu mkubwa, akasimama mbele ya watu wote. "Akitoka huyu, na mimi natoka," akasema, kisha akaketi akaendelea na kazi yake.

Fundi aliporudi akatazama kanuni, akamwuliza bosi kwa upole, "Nyinyi mwaanza kazi usiku wa manane?" Kumbe Bwana Athmani alipoulizwa alizitia saa zetu katika Kiingereza vivyo hivyo: saa mbili mpaka saa kumi na moja. Kwa saa za Kizungu hiyo ni saa nane ya usiku mpaka saa tano ya asubuhi! Ikishapita saa tano, mimi mwizi. Bosi aliona haya, akaniomba radhi mbele ya wote, akatuagizia mahamri. Nikala, sikumnunia.

Nisalimie kaka Omari na mkewe, na shangazi Mwanaesha mwambie kanga zake nimezipata.

Na ukisali, mama, mtaje Bi Rukia. Wenzangu walinikumbatia fundi aliposema. Bi Rukia alinisimamia kabla, wakati hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza nimefanya nini.

Mwanao akupendaye,
Mwanakombo