Sindano ya Ilyas

Nyeri, 14 Juni 2025

Wifi yangu Rukaya,

Huku baridi imeingia, nami ninavaa koti la kaka yako Ilyas. Ukosi wake bado una sindano za cherehani, alivyozoea kuzichomeka.

Juzi serikali ilileta vyerehani vya ule mradi wa kukuza biashara na kufundisha vijana kazi, uliotengewa pesa kwenye bajeti. Tuliahidiwa viwili vibaki dukani kwetu, wasichana aliowaanzisha Ilyas wamalize mafunzo. Waliketishwa wakapigwa picha wakikanyaga. Mmoja wao, Nyawira, akasema, "Lakini hii haina sindano." Mpiga picha akacheka: "Kanyaga tu, siste. Kwani picha inashona?"

Mshereheshaji wa uzinduzi akaita, "Fundi Ilyas, simama tukupigie makofi!" Nikamwambia tulimzika Machi. "Woi, pole mama. Basi simama wewe." Wakapiga makofi, Rukaya.

Nilitoa sindano moja kwenye ukosi nikaifunga kwenye cherehani, Nyawira akashona mstari mmoja mrefu, umenyooka kabisa. Ilyas angalimwona! Walipomaliza pilau yao, wakapakia vyerehani vyote kwenye lori, ati kuna uzinduzi mwingine Othaya. Nikauliza, na vyetu?

"Vyenu vitakuja, mama. Hivi ni vya uzinduzi."

Nyawira amerudi kwao kuchuma majani chai. Sindano ya Ilyas ilienda na lori, sikuwahi kuichomoa.

Ukimwombea kaka yako, nitaje na mimi.

Wifi yako,
Rehana