Feni Mbili za Pikapu ya Mama Zawadi

Katoro, Geita

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Kabla ya lolote naulizia mguu wako. Uvimbe umepungua, au bado unafuata ng'ombe huku unachechemea na kumkatalia kila anayetaka kukupokea fimbo? Kifua cha mama kimetulia? Na mvua ya huko Mhunze je, imewakumbuka? Huku imenyesha kiasi cha kulaza vumbi tu. Mimi ni mzima, nakula vizuri, nalala vizuri, na kazi ipo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu haikufai tena. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka majirani wakadhani nagombana na mtu, na wewe nilipokuuliza habari za mama ukanijibu, "Ndiyo, ng'ombe wote wamerudi." Kwa hiyo atakusomea Sayi. Wifi yangu, soma taratibu, na usiruke mistari.

Baba, nilipokuja wakati wa kuvuna pamba uliniuliza mbele ya wageni, "Nkwimba, gari linakwenda kwa mafuta. Sasa huo umeme unaoutengeneza ni wa nini?" Wageni wakacheka, nami nikacheka nao, lakini sikukujibu. Leo nataka kukujibu, maana kuna jambo limenipata kazini.

Fundi Hamisi, mwenye gereji ninayofanyia kazi, alifiwa na dada yake Tabora. Akaondoka ghafla akaniachia gereji. "Kazi ndogondogo fanya," akasema. "Kubwa zisubiri." Siku hiyohiyo alipoondoka, ikaingia pikapu ya Mama Zawadi, inafuka mvuke mbele kama chungu cha ugali.

Mama Zawadi ni mchuuzi wa samaki. Huchukua mzigo mwaloni Nkome, pale ziwani wavuvi wanapotua, na kuuleta hapa Katoro, na pikapu huiendesha mwenyewe. Nyuma, juu ya makapu, hupanda akina mama wenzake wanaouza dagaa. Sasa baba, mbele ya injini kuna rejeta, ambamo maji hupita yapoe, na feni huipuliza. Feni yake ya zamani, ile inayozungushwa na mkanda wa injini, ilikuwa imepasuka na kuikata rejeta. Alikwisha nunua rejeta nyingine, na feni mbili ndogo za umeme zilizotoka kwenye gari bovu.

"Fundi yuko msibani," nikamwambia. "Hii ni kazi kubwa, mama."

"Na samaki nao niwaambie kuna msiba?" akaniuliza.

Nikaifanya. Nilivuta waya kutoka kwenye betri, nikaupitisha kwenye rilei, ambayo ni swichi inayowashwa na kipima joto maji yakipata moto, ndipo nikaupeleka kwenye feni. Kila feni nikaipa waya wake na fyuzi yake. Fyuzi, baba, ni kijiwaya chembamba ndani ya kiplastiki. Umeme ukizidi, chenyewe hukatika kwanza, ili waya mkubwa usishike moto. Ni kitu kilichowekwa pale kife badala ya gari. Nilipomaliza tukaiacha injini ikinguruma hadi maji yakapata moto, na feni zote mbili zikaamka pamoja. Mama Zawadi akapiga vigelegele, watu wakatoka vibandani kutazama.

Akaenda Nkome mara kadhaa, mambo shwari. Kisha akarudi, uso umekunjamana. Feni ya kushoto haizunguki na gari limechemka njiani. Nikaangalia, fyuzi imekatika. Nikaweka mpya, feni ikazunguka. Akaenda, akarudi, imekatika tena. Nikapima waya wote kwa mita ya kupimia umeme, sikuona kasoro. Nikaweka nyingine. Ikakatika tena.

Mara hii hakushuka hata kunisalimia. "Niwekee fyuzi kubwa," akasema.

"Mama, kubwa haitakatika, lakini waya ndio utakaoungua. Na unapita karibu na mpira wa mafuta."

Fundi wa kibanda cha jirani alikuwa anasikiliza. Akasema kwa sauti, "Kunja kipande cha waya wa shaba uchomeke hapo, yaishe. Magari yote ya huku yanakwenda hivyo."

"Umesikia?" Mama Zawadi akaniambia. "Mzigo wangu unaoza mwaloni, wewe unanisomesha. Kama huwezi, mwenzako anaweza."

Baba, sitakuficha, fyuzi kubwa nilikuwa nayo mfukoni. Nilihisi watu wote wananitazama. Nikawaza Fundi Hamisi akirudi akute nimempoteza mteja wake. Lakini macho yangu yakaenda nyuma ya pikapu. Akina mama wale walikuwa wamekaa juu ya makapu matupu, mmoja ananyonyesha, wanasubiri tumalize tuliyokuwa tunabishania. Wale wakishikwa na moto njiani, watarukia wapi?

Nikamwambia, "Mama, naweka ndogo tena, lakini leo nakwenda nawe Nkome. Nikishindwa kuona kinachoikata, hukohuko mtafute mwingine."

Akanitazama sana. Mwisho akaufungua mlango wa pili.

Njia nzima nilikuwa nasikiliza feni tu. Zinaamka, zinalala, zinaamka, zote mbili. Kwenye mashimo, kwenye vilima, hakuna kilichotokea. Tukafika mwaloni jua linazama, dagaa wakiwa wameanuliwa. Nikaanza kukata tamaa. Nikajisemea labda mita yangu ndiyo mbovu, au mimi mwenyewe.

Wakaanza kupakia. Mama Zawadi hakuizima injini. Giza lilipoanza, akainama chini ya usukani akabonyeza kitu, na nyuma ya kabini ikawaka taa kubwa, mwanga mkali hadi kwenye maji. Nikabaki kuishangaa. Muda si mrefu maji ya rejeta yakapata moto, feni zikaamka, na palepale taa ikazima. Na feni ya kushoto ikazima nayo.

"Mama Zawadi! Hiyo taa kaiweka nani?"

"Si fundi mmoja wa hapahapa mwaloni, tuone wakati wa kupakia. Nayo huzimazima hivyo, mbovu kama feni zako. Kwani taa na rejeta wapi na wapi?"

Nikafungua boneti, nikaufuata waya wa taa kwa vidole, nikimulika kwa simu. Ulikuwa umeunganishwa kwenye waya wangu wa feni ya kushoto, kabla haujafika kwenye rilei, umefungwa tepu nyingi; taa na feni vikivuta pamoja, umeme unazidi na fyuzi inakatika. Nilipoibandua, gamba la waya lilikuwa limelainika kama nta na kuwa jeusi. Na mpira wa mafuta uko pale, kidole kimoja tu kando.

Nikamwita aje ashike. Akaweka kidole, akakiondoa haraka, maana palikuwa bado pa moto. Akageuka kuwatazama akina mama waliokuwa wanainua makapu. Kisha akaniuliza, sauti imeshuka, "Na ile fyuzi kubwa ingekuwapo?"

"Isingekatika, mama."

Akakaa chini kwenye mchanga na kanga yake hivyohivyo, akashika kichwa. Mimi nikakata ule waya wa taa, nikaufunga waya wa feni upya, nikaweka fyuzi, tukarudi Katoro bila gari kuchemka. Kesho yake taa nayo nikaipa waya wake na fyuzi yake. Tangu hapo hakuna iliyokatika.

Fundi Hamisi alirudi kutoka msibani amekonda. Nilimpa pole kwanza, habari za kazi nikaziacha. Lakini Mama Zawadi hakungoja. Alikuja na pikapu akasimulia yote, mwaloni, taa, vidole na yote. Fundi akafungua boneti, akavuta kila waya mmoja baada ya mwingine kama anayekagua mshono wa nguo. Akafunga boneti, akanawa mikono. Jioni, tukifunga gereji, akasema, "Nkwimba, kuanzia sasa umeme wote ni wako. Mimi nitabaki na injini. Macho yangu hayauoni tena waya mwembamba." Kisha akaenda zake msikitini.

Nilikaa kidogo peke yangu pale, baba, nikashukuru kwa sauti, nikasema wabeja, ingawa hapakuwa na mtu.

Kwa hiyo jibu langu ndilo hilo. Kazi yangu ni kuhakikisha watu wanafika.

Mpe mama shikamoo yangu, mwambie ile dawa ya kifua asiigawe kwa majirani. Msalimie kaka yangu, mume wa Sayi, na watoto wao. Shangazi, dada yako, mwambie kitambaa chake nimekipata. Jirani yetu anayetuchungia ndama naye usimsahau. Nawe usiutese mguu huo, nakuomba.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Nkwimba, fundi umeme wa magari