Mawingu Ambayo Sikuyatazama

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuniitikia, ila kuanza bila shikamoo siwezi.

Unakumbuka ulivyokuwa ukitoka uani kwetu Mkongani baada ya sala ya alfajiri, ukaitazama Milima ya Shimba kabla hujaturuhusu kuanika mbata za nazi? Mawingu yakiwa yameilalia milima, ulichora duara daftarini ukalijaza wino. Kukiwa kweupe, uliliacha tupu. Mama alikuwa akikutania kwamba unamfanyia Mungu ukarani.

Daftari hilo sasa liko ofisini kwetu. Kazi yangu ni kupima programu ya kompyuta inayoiga mawingu ya chini. Tunaiambia ituchoree asubuhi za zamani, kisha tunalinganisha na ulichokiona wewe. Ikikosea ya jana, nani aiamini ya kesho? Na wakulima wa Matuga watapanda na kuanika kwa kuifuata hiyo.

Miezi mingi ilikosea. Wewe uliona wingu, yenyewe ikachora jua. Lakini mwezi mmoja ililingana na daftari siku zote, wenzangu wakapiga makofi. Mimi sikupiga, maana ni mwezi ule wewe ulipovunjika mguu.

Ulinituma mimi nikatazame. Umande ulikuwa baridi, Baba, nami mvivu. Niliishia mlangoni, nikachora duara tupu, siku baada ya siku. Hata mbata zilipolowa uliniuliza tu, "Uliyatazama kwa macho yako, Mwanasha?"

"Kwa macho yangu, Baba."

Ukalipokea daftari.

Kesho mkuu wangu atauonyesha mwezi huo mbele ya wageni, kuwa ndio ushahidi kwamba programu iko tayari. Tangu asubuhi sijatia kitu kinywani. Nikisema, huenda kazi ikaniponyoka. Nikinyamaza, mbata za watu zitalowa, na safari hii si zetu.

Mchana huu nimeliomba daftari lenyewe, kwa kuwa siku zote tulitumia nakala ya maduara peke yake. Pembeni mwa maduara yangu kuna maandishi madogo ya herufi za Kiarabu. Aliyenakili alidhani ni dua, akayaacha. Mimi ulinifundisha kuyasoma. Ni Kiswahili, na kila siku ni yale yale: "Sikuona mimi. Amesema Mwanasha."

Nimeona haya, Baba, mpaka masikio yakawaka. Mwezi mzima ulijua, na hukunigombeza hata mara moja.

Basi nimempigia mkuu simu, nikamwambia mwezi ule tuuondoe, na sababu yake nikampa. Akaniuliza ni nani mwingine anayejua.

Nimemjibu, "Baba alijua."

Sijui kesho ataamua nini. Mungu akulaze pema. Alfajiri nitatoka nje kutazama.

Mwanao,
Mwanasha