Kioo Chini ya Pua

Jumatatu, 4 Juni 1956

Zamu yangu zahanati ya misheni, hapa Muleba. Nimestaafu utabibu lakini hawaniachi – na mimi, kusema kweli, sitaki kuachwa!

Akaingia bibi mmoja, Alistidia, na mjukuu mchanga kifuani. Nyuma yake mkwewe, Kokuhirwa, macho mekundu. Mumewe yuko kisiwani Bumbire, anavua samaki. Mtoto akinyonya anazimia, walisema. Bibi analaumu maziwa ya mkwe. Lakini kumbembeleza mtoto anajua yeye! Akambembeleza mbele yangu. Mtoto akanyamaza – midomo ikawa ya buluu!

Nikamfinya kisigino. Akalia. Rangi ikarudi.

Nilijua jambo hili kwa kulisoma tu. Mtu mzima pua ikiziba hufungua kinywa. Mtoto mchanga hajui hilo. Anajua pua tu, na kinywa hukifungua anapolia. Kumbe kilio ndicho pumzi yake – nao wanashindana kumnyamazisha!

Nikatoa kioo changu cha kunyolea. Kwanza chini ya pua yangu, wasiogope: viwingu viwili vya mvuke. Kokuhirwa: viwili. Mtoto: kioo kikavu. Nikapitisha mpira mwembamba, taratibu. Ukagota kulia, ukagota kushoto. Nyuma ya pua pana ukuta.

Nikakata ncha ya chuchu ya chupa, nikamtia kinywani kibaki wazi, nikaifunga kwa bandeji. Anapumua! Maziwa ya mama kwa kijiko, polepole.

Kokuhirwa akaninong'oneza kwamba mtoto wake wa kwanza naye alikufa hivi hivi. Alinyamaza tu. Huyu wamempa jina Mushumbusi, yaani mfariji.

Jumanne, 5 Juni

Yu hai. Anakunywa. Nimekula ndizi za kutosha watu wawili.

Jumatano, 6 Juni

Bibi bado anamsema mkwe. Eti ukoo wao haujawahi kuwa na pua mbovu. "Tazama hii, waitu, ndugu yangu!" Akanyanyua yake.

Nikatia kioo. Kiwingu kimoja!

Nikafuta, nikarudia. Kimoja. Kushoto hakuna kitu. Mpira nao ukagota.

"Mukaikuru, bibi yangu, tundu hili halijawahi kupitisha hewa?"

"Kumbe linapaswa kupitisha? Nilidhani la pili ni la urembo!"

Kokuhirwa akacheka mpaka akashika ukuta. Nikawaeleza (napenda kueleza, najijua): aliyezibwa upande mmoja huzeeka bila habari, aliyezibwa pande zote mbili ana siku chache. Mara nyingine hufuata ukoo. Si maziwa. Si laana. Si kosa la mtu.

Bibi akauliza kwa sauti ndogo: na yule wa kwanza? Nikasema yawezekana. Akamshika Kokuhirwa mkono, hakuuachia. "Basi huyu kanirithi mimi. Bojo, tafadhali, nipe mwenye pua yangu."

Alhamisi, 7 Juni

Bukoba. Daktari wa hapa amepima, amekubaliana nami. Mwanza yuko mpasuaji awezaye kutoboa ule ukuta. Meli ni kesho. Nawasindikiza.

Ijumaa, 8 Juni, jioni

Melini. Ziwa limechafuka. Wimbi moja – bandeji imelegea, chuchu imemtoka mtoto, imetumbukia majini! Ya akiba imo sandukuni. Sanduku liko chini ya magunia ya kahawa. Uzee huu! Mabaharia wanayahamisha, mimi wamenikataza kushika gunia. Naandika ili nisiwapigie kelele.

Mushumbusi analia kwa nguvu zote. Mfanyabiashara mmoja, Mustapha, akalalamika: bibi mzima hajui kunyamazisha mtoto?

Alistidia akasimama, meli inayumba, yeye hayumbi. "Mwache alie! Akinyamaza anakufa! Wewe una matundu mawili, huna habari!"

Mustapha akajishika pua. Nikamweleza kwa maneno machache. Sasa yuko magotini mbele ya mtoto. "Haya, bwana mkubwa, lia! Lia, Mwanza wakusikie!" Sitaha nzima inamchochea. Kokuhirwa anamfinya mtoto kisigino, machozi na kicheko pamoja.

Sauti inakauka. Anachoka, maskini.

Kimya –

Bibi kamfinya. Analia! Watu wanapiga makofi. Naliona sanduku, kona moja, chini ya gunia la mwisho – naacha kalamu, nakwenda kumtia chuchu!