Harufu ya Nyumba Mpya

Lanet, 18 Novemba 2007

Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu. Baba anaendeleaje na ule mguu? Mahindi mmemaliza kuvuna? Sisi hapa ni wazima, isipokuwa mjukuu wako Chelangat.

Tumehamia nyumba yetu mpya. Baba yake, Kosgei, amenunua kabati kubwa la sebuleni la chipbodi, zile mbao za vumbi la msumeno lililogandishwa kwa gluu, kitanda cha mtoto cha chipbodi hiyo hiyo, na zulia la kufunika sakafu yote, likabandikwa kwa gluu. Milango imepakwa rangi ya mafuta. Wageni wanasifu, lakini harufu inakaa kooni na macho yanawasha. Tangu tuingie, mtoto anakohoa na kifua kinapiga filimbi.

Daktari aliniuliza nyumbani kuna nini kipya. Nilipomweleza, akasema vitu hivyo vitoke na madirisha yakae wazi mchana kutwa. Kosgei amesema watoto wote hukohoa, na kwamba hatatupa jasho lake nje. Mama, naogopa. Nikimlaza, naweka mkono kifuani mwake nihakikishe kinapanda.

Binti yako,
Jepleting

Rongai, 2 Desemba 2007

Mwanangu Jepleting,

Baba yako anatembea, anakusalimu sana. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama.

Mambo ya gluu siyajui vizuri, lakini harufu inayomwasha mtu mzima macho itamfanyaje mtoto? Nimemwomba fundi Kipkemei atengeneze kitanda cha mbao tupu ya mti wa saipras, bila vanishi. Kitakuja na lori uchaguzi ukiisha. Usikingoje. Fungua madirisha leo.

Kosgei usimgombeze. Alilelewa kwenye moshi na viroboto, sasa anataka mtoto wake akae mahali pazuri. Zungumza naye mkiwa peke yenu.

Mama yako

Rongai, 29 Januari 2008

Mwanangu,

Sijui kama barua hii itafika. Nimempa mchungaji anayejaribu kupita na wanajeshi. Hapa tuko hai. Simu yako haishiki. Tangu matokeo ya uchaguzi yatangazwe, barabara imefungwa kwa mawe na lori limekataa kutoka. Tunasikia habari za Nakuru kwenye redio na baba yako anaizima.

Niandikie mstari mmoja tu. Mtoto anapumua?

Mama

Lanet, 10 Februari 2008

Mama,

Anapumua. Nimeanza na hilo ili ukae chini. Salamu zenu tumezipata, nasi tuko hai wote.

Vurugu zilipofika mtaani kwetu, Kosgei alifunga milango na madirisha, akaziba hadi nyufa kwa nguo. Nje kulikuwa na moshi na kelele za vijana wa Kikuyu waliokuwa wakiuliza nyumba za watu wa kabila letu. Ndani jua lilichoma mabati, na ile harufu ikapanda kama tumefungiwa kwenye mkebe wa rangi. Chelangat akaanza kuvuta hewa kwa tumbo. Midomo ikawa ya kijivu.

Nilimwambia Kosgei nafungua dirisha. Akasema wakituona tumekwisha. Nikamwambia, "Atakufa hapa mikononi mwangu, na hakuna adui atakayekuwa amemgusa."

Alimwangalia mtoto, kisha akafungua mlango wa nyuma.

Wamuyu, jirani yetu Mkikuyu, alikuwa kwenye ua, amesikia kikohozi kile. Akanyoosha mikono. "Nipe mtoto. Kwangu hawataingia."

Mama, wiki nzima nilikuwa nimeambiwa nisimwamini mtu yeyote wa kwao. Nilisimama pale na mtoto wangu, nisijue nimwogope nani. Halafu nikampa.

Alimfunga mgongoni, akaketi nyuma ya nyumba yake penye hewa safi. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Nyuma yangu Kosgei alikuwa akilipasua zulia kwa kisu cha jikoni, analia bila sauti.

Baadaye wanajeshi walikuja, vitu vyote tukavitoa nje. Sasa tunakalia saruji tupu na viti viwili vya mbao, madirisha wazi. Kikohozi kimepungua. Mimi bado nashtuka mtu akipita dirishani.

Lakini kuna jambo sijamaliza kukwambia. Siku ile, vijana wale walipita nyuma kwa Wamuyu wakiwa na mapanga. Walimuuliza huyo mgongoni ni wa nani. Hakuinuka, aliendelea kumpapasa mtoto.

"Ni wangu," akasema.

Binti yako,
Jepleting