Bibi Amelala

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Jiko tumeliezeka upya, na kuku wa jirani amehamia kwetu kama mgeni asiyejua kuaga.

Mama yako sasa anashika kikombe mwenyewe. Lakini kile kiharusi kimemfutia lugha ya shuleni yote. Imebaki ile aliyoinyonya kwa mama yake. Daktari anasema huenda nyingine isirudi. Nawe, kwa ushauri wa walimu, ulimnyima mwanao lugha hiyo ya bibi yake ili asichanganyikiwe. Nimefundisha watoto wenye lugha mbili maisha yangu yote. Sikuona hata mmoja aliyechanganyikiwa.

Jumapili mjukuu wetu alipopiga simu, mama yako alimwuliza, “Umekula, mume wangu?” Tukamsikia mtoto akikuita kwa lugha ya shuleni: “Baba, njoo. Bibi anaongea nini?”

Jana simu ilipolia, mama yako aliisukuma kwangu.

“Mwambie nimelala.”

Alikuwa ameketi wima, amechana nywele. Nami nikamwambia mtoto, kwa lugha anayoielewa, kwamba bibi yake amelala.

Ni mimi,
Baba yako