Rundo la Nyuma ya Jiko

Jumapili, 2 Machi

Kosa la wengi wanaoanza kutengeneza mboji nyumbani: wanarundika maganda mabichi matupu. Yanavunda, yananuka, wanakata tamaa. Kila ndoo ya maganda inataka vitu vikavu kuizidi — majani, katoni zilizochanwa. Nilimweleza hayo binti yangu nikiwa nje ya mlango wa chumba chake. Tangu arudi kwetu kutoka hospitali, mikono mitupu, hatoki. Mama yake akapita na sinia ya chakula kisichoguswa: hajaomba somo huyo, mzee, mwache apumue.

Jumatano, 5 Machi

Ametoka! Harufu ndiyo iliyomtoa, si maelezo yangu. Kasimama nyuma ya jiko, shuka mabegani, pua kaibana. Ati, "Baba, hii mboji yako au umezika mtu wa kodi?" Mama yake alicheka mpaka akaegemea ukuta. Vikavu niliviacha makusudi, lakini hilo halijui mtu. Nikajitia mgongo unaniuma — achane katoni yeye. Akachana mpaka maganda yote yakafunikwa. Jioni kala nusu sahani.

Jumatatu, 10 Machi

Tumegeuza rundo ili lipate hewa. Akatumbukiza mkono katikati, akauacha humo.

"Lina joto, Baba."

Nikaanza: kuna vijidudu visivyoonekana, vinapokula... Sikumaliza. Alikuwa analia. Mtoto wake, kule hospitalini, walimkabidhi akiwa ameshapoa. Nami nimesimama na reki mkononi, kama mlingoti! Mkono hakuutoa. Sikumharakisha.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi, jikoni. "Baba, pamba inaoza?"

Mdomo wangu hujibu kabla ya kichwa. Inaoza vizuri, mwanangu, ila ikatwe vipande vidogo.

Ndipo nikaona alichokumbatia. Blanketi la mtoto, lebo ya dukani bado inaning'inia. Mama yake aliacha bomba likitiririka.

Sasa yuko mezani, mkasi mbele yake. Hajakata. Analikunja, analikunjua, analilainisha kwa kiganja. Mama yake kanifuata huku chumbani, ananong'ona: kamnyang'anye, atajuta maisha yake yote. Huenda. Au atajuta tukimnyang'anya. Miaka yote hii ya kufundisha watu — na hili silijui.

Mkasi umelia. Mara moja tu. Labda ni lebo.

Leo: weka kalamu chini, nenda ukakae naye mezani.